Waya Umechomekwa, Intaneti Hakuna: Tuanzie Wapi?



Ukitaja jina Kimbo kule kwetu Mombasa, mtu hufikiria mkebe wa mafuta ya kupikia. Huku bara Kimbo ni mtaa pia. Uko upande wa Ruiru, kaunti ya Kiambu, kandokando ya barabara kuu iendayo Thika, na wako vijana wa kwetu waliopanga huko kwa ajili ya masomo na kazi. Ni mtaa wa majumba ya ghorofa yaliyoshikana bega kwa bega. Ukiinua macho utaziona nyaya za intaneti zikining'inia kutoka paani na kuingia madirishani, kama kamba za kuanikia nguo.

Mpwa wangu ni mmoja wa wapangaji hao. Kazi yake ni kusikiliza sauti zilizorekodiwa na kuziandika, kwa wateja walio ng'ambo. Hulipwa kwa kila dakika ya sauti anayoiandika, na sehemu ya pesa hizo huja Mji wa Kale kununua dawa za dada yangu. Hutumia waya badala ya Wi-Fi, kwa sababu katika jumba lenye rauta kila chumba mawimbi hugombana, lakini waya hutulia.

Basi siku moja waya huo ukaanza vitimbi. Asubuhi intaneti ipo, adhuhuri hakuna, usiku imerudi. Akachelewesha kazi mara mbili, akaambiwa ya tatu ndiyo ya mwisho. Akaita fundi. Fundi akasema Windows imeharibika, akaifuta, akaiweka upya, akachukua shilingi 1,500. Siku ya pili intaneti ikatoweka tena. Akaja fundi mwingine, akasema tundu la waya limeungua, akamwuzia adapta kwa shilingi 2,000. Jioni ile ikafanya kazi. Asubuhi yake, kimya. Pesa zimekwenda, na mafaili ya kazi iliyokuwa nusu yamefutika pamoja na ile Windows ya zamani.

Usiku huo akanipigia simu: "Mjomba, intaneti imekufa tena. Ninunue laptopu mpya?"

Sidhani mafundi wale walikuwa wezi. Walianza kutengeneza kabla ya kujua palipoharibika, basi. Leo nataka nieleze jinsi ya kupatafuta mahali hapo, hatua kwa hatua, kama tulivyofanya mimi na mpwa wangu kwa simu. Hakuhitajiki kifaa cha pesa nyingi, na mbinu ni ile ile uwe Kimbo, Kisauni, Mtwapa au Malindi.

Ifuate njia yote

Mfereji ukikauka jikoni, mtu mwenye akili havunji sinki. Humwuliza jirani kama ana maji, kisha hutazama tangi, kisha bomba. Intaneti ya waya ni hivyo hivyo. Njia yake huanzia kwenye kompyuta, ikapita tundu la waya, ikapita waya wenyewe, ikafika kwenye rauta au swichi, ikatoka nje ya jumba hadi kwa kampuni, ndipo ikaenda ulimwenguni. Kazi yako ni kujua imekatika katika kipande kipi.

Shika kanuni mbili. Ya kwanza, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, ukazima rauta na kuchezea Windows kwa pamoja, hata ikipona hutajua dawa ilikuwa ipi, na ikizidi kuugua hutajua umeharibu nini. Ya pili, andika. Karatasi na kalamu vinatosha: saa ngapi imekatika, umejaribu nini, umeona nini.

Ni wewe peke yako, au ni wote?

Kabla ya kugusa chochote, uliza. Kama una rauta chumbani, washa Wi-Fi kwenye simu, uzime bando, kisha ufungue ukurasa wowote. Ikiwa simu inapata intaneti kupitia rauta ile ile na kompyuta haipati, basi kampuni haina kosa. Ugonjwa uko kati ya kompyuta na rauta. Ikiwa vyote viwili havipati, gonga kwa jirani anayetumia kampuni hiyo hiyo.

Hapo hapo hakikisha malipo ya mwezi hayajaisha. Usicheke. Kampuni nyingi hukata zenyewe siku ikifika, na mtu anaweza kufungua kompyuta nzima kumbe ni deni.

Taa mbili ndogo

Sasa tazama tundu unapoingia waya, kwenye kompyuta na kwenye rauta. Aghalabu pana taa ndogo, moja au mbili. Moja huwaka ikiwa pande mbili zimeshikana kwa waya. Nyingine humetameta habari zinapopita. Laptopu nyingine hazina taa hizi, basi tazama za upande wa rauta au swichi.

Taa ndizo zinazoigawa kazi mara mbili. Ikiwa hakuna hata moja inayowaka, usihangaike na Windows wala mipangilio. Umeme haupiti, kwa hivyo ugonjwa ni wa waya, wa tundu, au wa kifaa cha upande wa pili kilichozimika. Ikiwa zinawaka na intaneti hakuna, mara nyingi waya u mzima na ugonjwa uko mbele zaidi.

Mpwa wangu alitazama, akasema: "Zinawaka zote mbili, Mjomba." Lile tundu alilouziwa adapta kwa madai kwamba limeungua likajibu lenyewe: lilipochomekwa waya, nalo liliwaka. Shilingi 2,000 zilipotea kwa kutotazama taa.

Waya na maradhi yake

Tuseme kwako taa haziwaki. Chomoa waya, uchomeke tena hadi usikie "tak". Kile kijiulimi cha plastiki kwenye kichwa cha waya kikivunjika, kichwa hulegea. Ukisogeza meza kidogo tu, intaneti inakatika. Kisha jaribu tundu jingine la rauta. Kisha azima waya wa jirani unaojulikana kuwa mzima. Ukifanya kazi kwa waya wa kuazima, umemaliza: nunua waya mwingine au itia kichwa kipya.

Ndani ya waya huo mna nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, jozi nne. Rangi hupangwa kwa utaratibu, na ulioenea zaidi ni huu, kuanzia kushoto ukiwa umegeuzia kijiulimi upande wa chini: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, buluu, nyeupe yenye buluu, kijani, nyeupe yenye kahawia, kahawia. Mafundi wa haraka huona ajabu kijani kutenganishwa na mwenziwe, wakaziweka pamoja. Hapo jozi inavunjika, na waya huweza kuwaka taa huku intaneti ikisuasua. Ukiona kichwa kilichowekwa hivyo, kikatwe kiwekwe kingine.

Ziko dalili nyingine za waya. Kasi ya Megabiti 100 kwa sekunde huhitaji nyuzi nne tu kati ya nane; kasi ya 1,000 huhitaji zote. Kwa hivyo ukiwa na vifaa vya 1,000 na kompyuta ikaonyesha 100, huenda uzi mmoja umekatika. Waya wa aina hii pia una mpaka wake: mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ukitoka paani kuteremka ghorofa sita, ukazunguka jumba na kuingia chumba cha mwisho, mita hizo huisha upesi.

Kisha kuna mazingira. Huko Kimbo waya hupita dirishani, na dirisha la chuma huuminya kila likifungwa. Jua hukausha ganda la waya usiotengenezwa kwa matumizi ya nje hadi likapasuka. Kwetu Pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Waya uliopasuka ukaingia unyevu wa bahari, shaba yake huota kutu ya kijani, na intaneti hukatika bila ratiba. Na unaponunua, uliza kama nyuzi ni shaba tupu. Ziko nyaya za bei ya chini ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba juu. Hukatika upesi zikikunjwa.

Anwani: nani amekupa namba ya chumba?

Kwa mpwa wangu taa ziliwaka, kwa hivyo tukasonga mbele. Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao huhitaji anwani, mfano wa namba ya chumba katika jumba. Haijipi yenyewe. Ikichomekwa waya huuliza, "Nani hapa mwenye kugawa namba?" na rauta, au mtambo wa kampuni, hujibu, "Chukua hii."

Kuiona kwenye Windows, fungua sehemu ya kutafutia, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika ipconfig, bonyeza Enter tena. Tafuta sehemu ya Ethernet, kisha mistari miwili: ule wa "IPv4 Address", ndiyo anwani yako, na ule wa "Default Gateway", ndiyo anwani ya mlango wa kutokea.

Ikiwa anwani inaanza na 169.254, kompyuta imeuliza na hakuna aliyejibu, ikajipachika namba yake yenyewe. Zima rauta, hesabu hadi thelathini, iwashe, ungoje dakika mbili au tatu. Isipopona, rudi kwenye waya. Angalia pia kama kuna mtu aliwahi kuiwekea kompyuta hiyo anwani ya mkono, labda kule ofisini au chuoni. Kompyuta ya namna hiyo haiulizi tena. Huendelea kutumia namba ya jumba jingine. Irudishe kwenye hali ya kujitafutia anwani yenyewe.

Ikiwa inaanza na 192.168 au 10, kuna aliyejibu. Lakini ni nani? Hili ndilo swali lililotutoa gizani, nami nitalirudia.

Kupiga hodi mlango kwa mlango

Kwenye kile kidirisha cheusi liko neno jingine, ping. Ni kama kupiga hodi. Piga hodi kwanza kwa mlango wa kutokea: andika ping, acha nafasi, andika ile namba ya Default Gateway. Ukijibiwa "Reply from" namba hiyo hiyo, kuanzia kompyuta hadi mlangoni ni salama. Zipo rauta chache zilizowekwa zisijibu hodi, kwa hivyo ukimya peke yake si hukumu.

Kisha piga hodi nje: ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Ikijibu, intaneti unayo, hata kama kurasa hazifunguki. Mwisho piga hodi kwa jina: ping google.com. Ikiwa namba inajibu na jina halijibu, kilichoharibika ni daftari la majina tu, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Dawa yake ni kuiambia kompyuta itumie daftari jingine, kwa mfano hilo la 8.8.8.8 au la Cloudflare, 1.1.1.1.

Ikiwa mlangoni unajibiwa na nje hujibiwi, jumba lako lina amani na ugonjwa uko kati ya mlango huo na kampuni. Hiyo ni simu ya kuwapigia wao.

Maradhi ya majumba ya kupanga

Hapo ndipo tulipofika usiku ule. Taa zinawaka, anwani ipo, hodi ya mlangoni inajibiwa, ya nje haijibiwi. Nikamwambia apige simu kwa kampuni. Nao wakamjibu kwamba kwao kila kitu kiko sawa, na kwamba mpangaji wa chumba cha tatu anatumia intaneti vizuri muda huo huo.

Nikamwomba amwendee mpangaji huyo, watazame anwani ya kompyuta yake. Yake ilianza na 10. Ya mpwa wangu ilianza na 192.168.0. Wako jumba moja, kampuni moja, swichi moja, lakini wamepewa namba na watu wawili tofauti. Katika jumba lile alikuwamo mgawaji namba wa pili, asiyejulikana.

Asubuhi wakamwuliza msimamizi wa jumba kama kuna mpangaji mgeni. Alikuwako, wa ghorofa ya nne, aliyenunua rauta yake mwenyewe. Rauta huwa na tundu moja lililoandikwa WAN, la kupokea waya wa kampuni, na matundu kadhaa ya LAN, ya kugawia vifaa vya nyumbani. Bwana yule alikuwa ameuchomeka waya wa ukutani kwenye LAN. Rauta yake ikadhani jumba zima ni nyumba yake, ikawa inagawa namba kwa kila anayeuliza, na kuwaelekeza watu kwenye mlango ambao nyuma yake hakuna kitu. Kompyuta ikiuliza, mtambo wa kampuni na rauta ile hushindana kujibu. Akitangulia wa kampuni, intaneti ipo. Ikitangulia rauta, hakuna. Ndiyo sababu asubuhi ilikuwapo na adhuhuri haikuwapo, na ndiyo sababu kila fundi alidhani ameponya. Hata bwana mwenyewe alikuwa akilalamika.

Waya ukahamishwa kutoka LAN hadi WAN. Mpwa wangu akaandika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew, ili arudishe namba ya uongo na kuomba nyingine. Ikaja inayoanza na 10. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Yako maradhi mengine mawili ya majumba haya. La kwanza, mtu akiuchomeka waya mmoja ncha zote mbili kwenye swichi ile ile, habari huzunguka bila kikomo na swichi za bei nafuu hulemewa. Jumba zima hukatika. La pili, kampuni nyingine huyafunga malipo yako kwenye namba ya kudumu ya kifaa kimoja, au hutaka jina na neno la siri ndani ya rauta. Ukitoa rauta na kuchomeka kompyuta moja kwa moja, au ukinunua rauta mpya, hutapata kitu hadi wabadilishe upande wao. Kwa hivyo usibonyeze kile kitundu cha kurudisha rauta katika hali ya kiwandani kabla ya kuuliza. Huenda ukafuta neno la siri usilolijua.

Yaliyo nje ya uwezo wako

Kama intaneti yako huingia kwa faiba, kisanduku chake huwa na taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki. Usikunje ule uzi mwembamba, na usiuchungulie ndani. Mwanga wake hauonekani kwa macho lakini waweza kuyadhuru. Piga simu, ungoje.

Na mara nyingine ugonjwa uko kwetu sisi watu wa bahari. Nyaya za chini ya bahari zinazoleta intaneti Kenya hutua Mombasa. TEAMS na SEACOM zilianza kazi mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na Afrika Mashariki nzima ikasota. Siku kama hiyo taa za Kimbo huwaka kama kawaida, hodi ya mlangoni hujibiwa, na kurasa hazifunguki au hutambaa. Usimlipe mtu akufutie Windows siku hiyo.

Ukipiga simu, sema hivi

Tofauti ya mwenye kuhudumiwa na mwenye kuzungushwa ni maneno yake. Anayesema "intaneti haifanyi" huambiwa azime na kuwasha. Anayesema "taa zinawaka, anwani yangu ni hii, mlangoni najibiwa, 8.8.8.8 sijibiwi tangu saa nne asubuhi, na jirani yangu ana shida hiyo hiyo" hupelekwa kwa mtu anayeelewa. Na fundi akija, mwonyeshe karatasi yako kwanza. Akitaka kufuta Windows, mwulize taa zinasema nini na anwani inaanza na ngapi. Hata akiwa na jibu, hifadhi mafaili yako kwenye flashi kabla hajagusa.

Mpwa wangu aliipeleka kazi yake ya tatu usiku ule ule, saa mbili kabla ya muda kwisha. Ile adapta ya shilingi 2,000 bado anayo. Ameiweka juu ya meza, na mgeni akimwuliza ni ya nini, humwambia ni ada ya shule.